Sketi Tisa

Duitama, saa mbili asubuhi, baridi ya mlimani
inaniuma masikio, nami nimesimama dukani kwa Eliécer Pulido
nikihesabu bei kwa sketi, si kwa peso.
Sketi moja ya shule, marinda kumi na sita, ni ujira wa usiku mzima.
Pedali za kaboni alizonionyesha kwanza
ni sketi thelathini na nne.

"Zinapunguza gramu mia," akasema, akizishika kama mayai.
Eliécer, nikamwambia, mkate niliokula leo
una gramu mia mbili, na nimeupandisha mlima bila kulalamika.
Akacheka, akazirudisha kabatini.
Ndivyo tulivyoanza kuelewana.

Chini ya meza, sandukuni, zilikuwamo zilizotumika:
chuma kitupu, zimekwaruzwa kwenye kona za barabara nisizozijua.
Nikainua moja hadi sikioni, nikazungusha ekseli kwa kidole.
Mshonaji husikiliza. Cherehani yangu hunionya mapema
sindano inapotaka kukatika.
Gololi zilisaga mchanga: krrr.
Hii, nikasema, nitainunua mara mbili.

Za tatu zilikuwa za plastiki ngumu, nyeusi, hazina jina la kujivunia.
Ubavuni skrubu ndogo: zungusha huku, mdomo unalegea;
zungusha kule, unang'ata.
Na ndani ya boksi, vishikizo vya kufunga chini ya soli.
"Vya njano vinakiachia kisigino kicheze kidogo.
Vyekundu havisamehe."
Magoti yangu yana miaka arobaini na sita.
Nikachukua vya njano. Sketi tisa.

Kisha akauliza habari ya viatu.
Viatu! Hakuna anayekutajia viatu mpaka umeshafungua pochi.
Soli iwe na matundu matatu, mawili hayafai,
na za kwangu hazikuwa na tundu hata moja.
Akaleta vya binti wa dada yake, namba thelathini na nane,
mikanda imechoka kushika (hiyo nitaishona mwenyewe).
Sketi nne juu.

Kufunga nilikuelewa kabla ya kufundishwa.
Ni kifungo cha kubana, kile cha gauni la mtoto mchanga:
dume na jike, gandamiza, tak.
Kufungua ndiko kazi. "Kisigino nje," alirudia,
"usivute juu, kisigino nje,"
nami nimeshika ukuta wa duka, tak, nje, tak, nje,
mara hamsini, muuza mikate akitazama.
Skrubu tukailegeza hadi mwisho wake.

Nikaanguka hata hivyo.
Taa nyekundu karibu na shule, baiskeli imesimama kabisa,
nikakumbuka kila kitu isipokuwa kisigino,
nikalala ubavu, taratibu, kama gunia la viazi,
mbele ya wasichana waliovaa marinda yangu.
Mmoja alicheka hadi akachuchumaa,
na hapo nikaona upindo wa sketi yake umefumuka.
Nikamwita nikiwa bado chini, mguu mmoja umefungwa:
Ilete Jumamosi, nitaishona bure. Sasa nyamaza, niinue.

Miaka ishirini na miwili nimekanyaga pedali
bila kutoka chumba cha nyuma.
Nakanyaga, kitambaa kinaenda, mimi nabaki.

Jumapili nikapanda barabara ya Santa Rosa,
na pale mwinuko unapokaza ndipo nikahisi
mguu unaopanda nao una kazi,
si mzigo tena wa kubebwa na mwenzake.
Unavuta, kama mkono wangu wa kushoto
unavyovuta kitambaa nyuma ya sindano.
Sikuwa na kasi. Wazee wawili walinipita
wakizungumza habari za bei ya maziwa.
Goti la kulia liliuma kidogo; kishikizo kimekaa upande,
milimita mbili hivi. Kesho nitakipigia mstari wa chaki
kabla ya kukilegeza, kama nguo ya mteja mgumu.

Kileleni simu ikalia. Mama, anataka kujua bei.
Tisa, nikasema.
Kisigino nje, tak,
nikaweka mguu mmoja chini.