Jaribio la Kukunja

Bwana Lindqvist,
uliniuliza kwa simu ana uzoefu wa miaka mingapi.
Nilikuwa na kinga ya uso, nikajibu ovyo.
Naomba nijibu upya, kwa kalamu.

Verna Haukkala hukunja mashuka.
Toka alfajiri, dobini mwa hospitali,
mia nne kwa zamu, pembe juu ya pembe.
Kisha basi, kisha kilima, theluji magotini,
na saa kumi na mbili u robo yumo karakanani
ananuka jiki na supu ya jana.

Ana miaka arobaini na saba.
Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga,
wakasahau habari za chuma.
Chuma hukichomelea kikiwaka,
ukakiacha kipoe, kipoe hasa,
ndipo ukakiweka chini ya mashine ukakikunja
hadi ncha zitazamane.
Mshono ukitoa ufa uliozidi punje ya mtama,
umeshindwa.
Hakuna rufaa.

Cha kwanza chake kilipasuka Oktoba.
Kililia ka! kama kijiti kikavu. Akakitia mfukoni.
Cha pili, wiki ya Krismasi, kikapasuka palepale,
nami nikamwona akikunja uso, akikunja aproni,
akaiweka benchini taratibu
kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.
Nikadhani basi.
Jumatatu alinitangulia mlangoni,
akipigapiga miguu theluji imtoke.
"Mkono wangu unakimbilia pembeni," akasema. "Nionyeshe tena."

Sikumwonyesha. Nilimwambia ashike elektrodi
kama anavyoshika upindo wa shuka:
usivute, usisukume, fuata.
Hilo alilijua miaka kumi na tisa
kabla hajanijua mimi.

Unakumbuka ulivyokuja Alhamisi ile
na kahawa yako, na kofia ya kiwanda cha kreni?
Nilipanga vipande kumi na vinne mezani, bila majina.
Ukavipapasa kwa kidole gumba. Ukasimama kwenye cha tisa.
"Kijana gani huyu?"
Nikacheka; ukadhani nina kikohozi.

Chuo chetu si kikubwa. Paa linavuja
juu ya mashine ya kusagia, tumekinga ndoo.
Ninyi mlitupa mabaki ya chuma, mkatuambia mnachokikosa;
sisi tukasogeza masomo yaangukie baada ya zamu.
Ndilo daraja lote hilo, hakuna uchawi.
Ila daraja halimvushi mtu. Mtu ndiye huvuka,
kwa nauli yake, kwa magoti yake.

Sasa fomu yako ina kisanduku: uzoefu, miaka.
Andika upendavyo.
Mimi nimeambatisha kipande,
ndiyo maana bahasha ina stempu nyingi.
Kilikunjwa Machi, tarehe kumi na moja.
Kigeuze mgongo, kisogeze dirishani.
Tafuta ufa.

Yeye leo yuko dobini, anakunja.
Hajawaambia kitu.
Nimemwomba asiache kazi mpaka upige simu.
Akasema hata ukipiga asubuhi
atamaliza kwanza mashuka ya siku hiyo:
kuna watu wamelazwa,
na kitanda hakingoji barua.