Jina Chini ya Lami

Zahanati ya Skipton haijawahi kuliandika sawasawa.
Skelbeck, nasema, na C kabla ya K;
wanaandika Skelton, wanaandika Beckett.
Wamebaki wawili duniani: Bi Enid na binamu yake,
wasiosemezana tangu ugomvi wa saa ya ukutani.

Kijito chenye kelele, ndiyo maana yake, alinifunza,
kwa lugha ya wavamizi waliogeuka wachungaji.
Kijito kipi? Mji mzima sijakiona.

Jana, mvua ikitutwanga, akanivuta
hadi maegesho ya duka la mazulia,
akapiga magoti, moja likiwa la bandia,
sikio kwenye kifuniko cha chuma.

"Sikiliza," akasema. "Naitwa."

Nikamshikia mwavuli. Nusura niitike.