Dirisha la Fuco

Jumamosi tatu mfululizo alikuja kitaluni
na kamba ya katani yenye mafundo saba,
kila fundo mita moja, alisema,
toka kona ya ghala lake hadi dirisha la Fuco.
Hakusema Fuco ni nani.
Huku nje ya Pontevedra hatuulizi;
kila nyumba ina Fuco wake.

"Nataka kitu cha kuziba," alisema Eladio.
Mvua ilikuwa ikitwanga paa la plastiki,
nikampisha ndani, katikati ya vyungu.

Nilianza na kamelia, kwa kuwa ni Februari,
na Februari kamelia haihitaji wakili.
Tazama, nikamwambia, jani kama limepakwa mafuta asubuhi hii,
na halitakudai ufagio wa Novemba.
Miti mingine imekunja mikono kwa baridi,
hii ndiyo kwanza inafungua sanduku la nguo.

Lakini sikufichi: ina maringo.
Ukiipa chokaa inanuna, inageuka manjano;
jua la saa nane linaichoma;
hukua polepole kama serikali inavyolipa,
na ua jeupe likinyeshewa siku mbili
hupata kingo za kahawia, kama barua iliyookolewa motoni.
Wala halipukutiki kidogo kidogo. Huanguka zima,
pu! usiku, kifudifudi,
unadhani kuna mtu amekanyaga uani.

"Na kule?" Alionyesha kwa kidevu.
Kule, ndani ya ndoo, palikuwa na fimbo.
Fimbo tatu za kijivu, zimepinda;
hata mimi ninayeziuza huziona aibu mwezi huu.

Mtini, nikasema. Huo haujipambi.
Maua yake huyafungia ndani ya tunda
kama mtu anayecheka mdomo umefumbwa.
Utomvu utakuwasha mikono,
mizizi itatafuta ukuta wako na wa jirani,
na Novemba utajivua wote kwa juma moja,
majani mapana kama viganja, yakilowa yanateleza:
utafagia, utatukana, utafagia.
Ila Mei! Mei unashona hema.
Agosti huoni mbingu, sembuse dirisha.
Na Septemba tini huelemea upande wenye jua...

"Upande upi?"

Nikauliza nyumba yake inaelekea wapi.
Nikahesabu mafundo.
"Basi ni upande wake," nikasema.

Alishika jani la kamelia, akalisugua kwa kidole gumba
kama anayekagua noti.
"Hii itaziba mwaka mzima?"
Mwaka mzima.
"Hata Krismasi?"
Hata Krismasi, na maua juu yake.
Nilishaanza kutafuta mfuko.

Ndipo akasema, akikitazama chungu, si mimi,
kwamba mama aliacha mashamba mawili
na tanuri moja la mkate,
na tanuri halikatwi vipande viwili.
Miaka kumi na moja sasa.
Kwamba jioni za baridi Fuco huwasha taa saa kumi na mbili,
hupika amesimama, kofia kichwani,
na huionja supu kwa kijiko kile kile anachokorogea,
mshenzi, tangu utotoni.

"Mwaka jana, Januari, taa haikuwaka siku mbili."
Mvua ikajaza pengo.
"Ya tatu ikawaka."

Akaniuliza tena mtini hujivua lini.
Novemba.
Na kuvaa?
Aprili, mwishoni.
Akahesabu kwa vidole, akakosea, akarudia.

Alilipa yuro kumi na nne, nyingi sarafu,
akaitia fimbo moja begani kama mvuvi asiye na haraka
na kutoka bila kuvaa kofia ya koti.
Kamba aliisahau juu ya meza.
Nimefungia kamelia,
kwa maana upepo wa Machi hapa hauna adabu.