Zamu ya Usiku, Wete

Mize wa Mtambwe kaingia saa tano usiku,
kashika ukuta kama anayesukuma gari lililozimika.
Nyuma yake mamkwe, Bi Raya, na kikapu,
na ndani ya kikapu, duka zima:
mafuta ya makonyo ya karafuu,
mkaratusi wa kifua, mrehani,
na kichupa cheusi, kidogo kuliko kidole gumba,
langilangi, zawadi ya wifi aliyeko Maskati.

Nikavipanga dirishani kama washitakiwa.
Nikafungua kimoja kimoja, nikanusa.
Haya ya makonyo, Bi Raya, rudi nayo.
Haya ni ya jino. Yanachoma kiganja changu hiki kigumu,
seuze tumbo lililovutika kama ngoma.
Wala kunywa, hata tone.

“Mama yangu alitia tone kwenye chai,
nikatoka mimi.”
“Ulitoka wewe. Na wangapi hawakutoka?”

Nalijutia neno lile hadi leo.
Alinyamaza, akahesabu kwa vidole
ndani ya buibui. Niliona kitambaa kikitikisika
mara mbili.

Basi nikachukua kile kichupa cheusi.
Kijiko cha mafuta ya nazi, matone mawili, si zaidi,
nikampaka Mize kiunoni, chini, pale mfupa unapogawanyika,
kwa kisigino cha mkono, wakati uchungu unapanda.
Bi Raya nikampa upande wa kushoto.
Hatukuzungumza. Tulisukuma tu, yeye na mimi,
kama wanaokanda unga mmoja.

Sisemi mafuta yanaondoa uchungu.
Uchungu haujui harufu.
Lakini mtu ukimpa kitu cha kunusa
hukumbuka kuvuta pumzi.

Saa tisa, Mize akanigeukia, jicho jekundu:
“Toa! Toa hiyo harufu yako, ntatapika!”
Hivi ndivyo ilivyo. Kilichokuwa bustani saa sita
saa tisa ni jalala.
Nikafungua dirisha. Nikaenda bombani,
nikasugua mikono mpaka kwenye viwiko,
nikarudi, mtupu.
Akanidaka kiganja, akakibandika puani, akakinusa
kwa pumzi ndefu iliyotokea miguuni.
“Hii,” akasema. “Hii hii. Usiiondoe.”

Ilikuwa sabuni ya mche. Ya kufulia.

Nikazalisha kwa mkono mmoja na nusu,
maana ule mwingine nilikuwa nimenyang’anywa
kila nilipoweza kuuazima.
Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mwenye hasira,
adhana ya alfajiri ikamkuta tayari anajibu.

Bi Raya akakusanya vichupa vyake, akavifuta,
akavizungushia khanga. Mlangoni akasita.
Akarudi hadi bombani, nikidhani anatawadha.
Kumbe ameinamia kile kipande cha sabuni,
kimepasuka, kina unywele,
anakinusa, macho kayafumba.

“Hii mnanunua wapi?”

Kwa Kombo, nikamwambia. Pale pale sokoni,
ukishapita samaki.