Bakiza Mbili

Jumapili asubuhi, kabla ya kahawa,
napima mkono wangu kwa utepe uleule
ninaowapimia wateja viuno.
Thelathini na nne.
Jumapili iliyopita, thelathini na nne.
Tangu theluji ya kwanza ianguke Gyumri
hadi leo barafu inapodondoka mapaani,
wiki kumi na moja,
utepe umekataa katakata kunidanganya.

Si kwamba nilizembea.
Siku sita kwa wiki nilishuka ngazi
hadi chumba cha chini nyuma ya karakana ya reli,
vyuma vinakolala vikinuka kutu,
na kila siku niliviinua mpaka vikanishinda.
Seti ya mwisho sikuiita ya mwisho
mpaka Vaghinak, kijana wa duka la betri,
aje mbio kuninasua
chuma kimenikalia kifuani kama mdai.

Kisha dukani. Nawasha taa, nakaa kwenye cherehani,
uzi hauingii tunduni.
Mara ya kwanza nililaumu uzi.
Mara ya tano nikalaumu macho.
Mkono ulikuwa ukitetemeka peke yake,
kana kwamba una baridi ambayo mimi sina.
Suruali ya Bwana Hrachik, ya harusi ya bintiye,
ikatoka mguu mmoja umepinda.
Aliivaa. Alinitazama.
Akalipa nusu.

Siranush ndiye aliyeninyang'anya ufunguo.
Ana miaka sitini na minane, magoti yanalia akishuka ngazi;
zamani alinyanyua kilo asizotaka kuzitaja.
Alikuja na koti lenye bitana iliyochanika,
akakaa, akanitazama nikishona.
"Hicho kidude unachozungusha, kazi yake nini?"
Kukaza uzi.
"Na hicho cha pili?"
Kusogeza mishono, iwe karibu karibu au mbali mbali.
"Ukikaza mpaka mwisho, na mishono ukaibananisha?"
Nikacheka. Kitambaa kinakunjamana, nikamwambia,
uzi unakatika,
au sindano inatoboa na kutoboa
mpaka nguo inaachana kama stempu.
Yeye hakucheka.
Alingoja maneno yangu yanirudie.

Sasa kifua na mikono ni Jumatatu na Alhamisi,
miguu na mgongo Jumanne na Ijumaa.
Uzito wa kunikunja uso, si wa kunifumba macho.
Nikihisi zimebaki mbili mwilini,
mbili ambazo ningezipora kwa kelele,
naweka chuma chini.
Hapo ndipo penye kazi.
Kuinua nilijua tangu zamani;
kuacha nikiwa bado naweza,
huko kuliniuma kuliko kifua.
Siranush hupita nyuma yangu bila kusimama:
"Bakiza mbili. Akiba haiozi."
Mara moja kwa mwezi ananiruhusu wazimu,
nisisahau ukuta uko wapi.

Vaghinak huja siku tano, hubeba vyepesi,
anaumuka tu kama andazi. Ana miaka ishirini.
Nilimwonea wivu wiki nzima
mpaka nikakumbuka nilichowaambia wanagenzi wangu wote:
hariri haishonwi kwa uzi wa turubai.

Jumatano nalala mapema.
Nyama haishonwi chini kule penye vyuma.
Kule tunakata tu kitambaa.
Anayeshona ni fundi mwingine, hatumwoni,
naye haanzi kazi mpaka taa izimwe.
Miezi yote ile nilikuwa nikimwamsha
kumuuliza amefika wapi.

Jumapili. Utepe.
Thelathini na nne na ukucha.
Nikapima tena, nikidhani nimekaza misuli kwa tamaa.
Thelathini na nne na ukucha.
Nimekunywa kahawa, nimefungua duka,
uzi umeingia mara ya kwanza.
Juu ya meza kuna suruali ya Bwana Hrachik,
niliyomwomba airudishe.
Naufumua mguu uliopinda,
mshono mmoja, kisha mwingine,
bila kuvuta.