Mizani

Nilikuwa wa mizani, karani asiyekosa,
Kilo za watu kichwani, za mwakajana na sasa,
Gunia likiwa chini, nasema bila kugusa,
Wakaniita Mashini, isiyojua kunasa.

Homa ikaja mwilini, mbu wa mchana hasa,
Amezaliwa tangini, maji tunayoyakosa,
Siku tisa kitandani, mifupa inanitesa,
Nikarudi mizanini, nikaita —

nikaita nani?

Mbele yangu alisimama mama mwenye mwanya,
gunia lake la korosho juu ya bamba la chuma,
mshale ukitetemeka kwenye themanini na tatu.
Namjua. Mwaka wa ukame alitugawia mbegu ya mtama.
Mumewe nilimchimbia kaburi kwa jembe langu.
Jina lake lilifika mlangoni mwa meno,
likageuka, likarudi ndani.

"Somoe," akasema mwenyewe, taratibu,
kama mtoto anavyotajiwa kitu.
Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.
Nikaandika: thelathini na nane.

Kitangari nzima ikanisoma.
Wengine walisema nimerogwa,
wengine, nimezila zile arobaini na tano.
Kamati ya chama ikanipokonya kalamu.

Daktari wa Ndanda hakuuliza nimemkosea nani.
Alichora kichwa nyuma ya cheti,
akatia mishipa, membamba kama mizizi ya mhogo mchanga.
"Homa imeondoka. Lakini ilipita humu,
ikachubua kuta. Hapa panavuja, hapa pamebana.
Damu inafika, ila si ya kutosha.
Hujawa mjinga, Mzee Chilumba.
Ubongo wako una kiu."

Kiu naijua. Mimi ni mtu wa Newala.
Maji yetu yanasukumwa kutoka bondeni,
yanapanda huku juu kwa bomba lenye viraka,
na siku kiungo kinapopasuka katikati ya njia
koki inakohoa upepo,
ndoo zinapanga mstari hadi jioni.
Sijaona mtu akiichapa ndoo
kwa kuwa haikujaa.

Nilimuuliza nitapona lini.
"Pengine patajiziba," alisema,
"pengine utajifunza kupazunguka."
Basi nazunguka. Naandika majina kiganjani kwa peni,
jasho linayafuta kabla ya saa nne.
Chumvi naitafuta, nimeishika.
Mke wangu ananiacha niitafute.

Jana Somoe alipita na dumu kichwani.
Nikafumba kiganja. Sikutaka kuchungulia.
Akasimama. Akangoja, na lita ishirini shingoni.
"So..."
koki ikakohoa,
ikakohoa tena,
"...moe."

Akatua dumu.
Nikamwambia, nina deni lako,
kilo arobaini na tano, daraja la kwanza.
Hilo, katika yote yaliyovuja,
halijavuja.