Ile ya Manjano

Doreen wa namba kumi na nne hugonga dirisha kwa pete yake.
Hull siku ile ilikuwa na mvua ya ubavu,
isiyoanguka, inayopita tu ikitafuta mtu.
"Wewe si fundi?"
Mimi hupanga masanduku ghalani,
ila kwetu Pongwe nilichomea risasi miaka mitatu
kwa Shekue wa madeki. Mkono hausahau.

Televisheni mpya, kaletewa na mwanawe,
nyembamba kama kisingizio.
Nyuma, matundu mawili ya HDMI,
bapa, midomo ya watu waliokataa kutoa ushahidi.
Na mkanda wa marehemu Clive umo kwenye kamera
ya mwaka tisini na mbili, inayojua rangi tatu basi.

Nikamwaga mfuko wangu zuliani.
Hii skati, Doreen: meno ishirini na moja,
na bado hulegea ukipiga chafya.
Hii ya antena, sindano moja katikati, usiipinde.
Hii jeki. Hesabu pete zake nyeusi:
moja, sauti ni ya upande mmoja; mbili, masikio yote yamepata.
Akauliza kwa nini hii naiita dume na ile jike.
Nikasema ndivyo tulivyo mafundi.
Akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Nyekundu kulia. Nyeupe kushoto. Manjano ndiyo macho.
Katikati nikaweka kigeuzi cha pauni nane,
nikakipa uhai kwa chaja ya simu.
Nikabonyeza.

Ikaja sauti: kikohozi, upepo, shakwe.
Picha, hapana.

Nikailaumu ya manjano. Nikaichomoa, nikaisugua kwa ukucha,
nikaipuliza, nikaweka nyeupe mahali pake
(shaba haijui rangi, rangi ni yetu sisi, tusipotee).
Giza. Saa nzima. Chai ikapoa, ikafanya utando.

Ndipo nikalikumbuka kofi la Shekue kisogoni:
"Buluu ni waya! Nyeusi si waya, nyeusi ni picha!"

Kioo kilikuwa cheusi tii.
Hakuna kilichokatika.
Giza lilikuwa likifika salama, punje kwa punje,
kutoka Withernsea, kutoka mwaka ule,
na Clive ndani yake:
"Taa nyekundu inawaka, basi inarekodi.
Simama pale, Doreen, mbele ya mnara. Hapo hapo.
Ee, umependeza."

"Hakutoa kifuniko cha lenzi," Doreen akasema.
"Siku nzima. Bwege yule."

Nikanyoosha mkono nizime. Akaushika.
"Kushoto hakusikiki vizuri," akasema,
"na ndilo sikio langu zima."

Kweli, nyeupe nilikuwa sijairudisha sawasawa.
Nikaisukuma mpaka ikagota.